Nusu Kijiko kwa Lita Moja

Siku ya kuniaga kazini walinipa blanketi, saa ya ukutani na hotuba tatu. Hotuba zote zilisema nilikuwa mpole, jambo lililonishangaza mimi na kila mtu niliyewahi kumchoma sindano. Baadaye wauguzi wawili vijana walinifuata nikiwa na sahani ya pilau mkononi, wakaniomba niwaandikie yale niliyojifunza, kwa sababu eti hayamo kwenye vitabu vya chuo. Nimekubali. Sitaandika nilipandishwa cheo lini wala nilipokea barua ngapi kutoka ofisini. Nyingi zilikuwa za kuniuliza kwa nini sikujibu ile iliyotangulia. Nitaandika kuhusu jasho. Nimeishi na jasho la watu miaka mingi kuliko nilivyoishi na mume wangu, na nadhani nalielewa zaidi.

Zahanati yangu ya kwanza ilikuwa Kitale, upande wa Kibomet. Ilikuwa na chumba cha mbele na chumba cha nyuma, na katikati pazia lenye picha za mananasi. Nilifika asubuhi na mapema nikiwa na yunifomu iliyopigwa pasi hadi ikakaribia kusimama yenyewe. Mkubwa wangu alikuwa Sista Chemutai, mama mfupi kutoka upande wa Endebess, aliyevaa sweta mbili na asiyekuwa na haraka na kitu chochote duniani. Aliniangalia kutoka juu hadi chini.

"Umependeza," akasema. "Sasa kaa hapo uone watu."

Kabla ya saa nne nikaletewa mtu wangu wa kwanza. Alikuwa mpakiaji wa magunia kwenye ghala la mahindi, amebebwa na wenzake wawili, misuli ya mguu wa kulia imekaza hadi ukaiona ikitembea chini ya ngozi. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni juzi tu, kwa hiyo nilikuwa najua kila kitu. Nikasema huyu ameishiwa nguvu, nikaagiza soda. Akainywa yote, akanishukuru kwa heshima, kisha misuli ya mguu wa kushoto ikakaza pia.

Sista Chemutai akatoka nyuma ya mananasi. Hakumgusa mgonjwa. Alishika shati lake mgongoni, akalivuta kuelekea dirishani, akanionyesha mistari myeupe iliyokauka juu ya kitambaa, mmoja ndani ya mwingine.

"Soma shati," akaniambia. "Hiyo nyeupe ni nini?"

"Ni chumvi, Sista."

"Na wewe umempatia nini?"

"Soda."

"Si sukari ndiyo imemtoka. Ni chumvi. Umemrudishia kitu hajapoteza."

Nimeandikiwa ripoti nyingi maishani, lakini hakuna iliyonichoma kuliko hiyo.

Tangu siku hiyo alinifundisha kazi kwa vifaa viwili, kijiko na ulimi. Kijiko ni kile kidogo cha chai, na chumvi ikishajaa unapitisha mgongo wa kisu juu yake ili isiwe na mlima. Nusu ya hicho, kwa lita moja ya maji safi, ukikamulia limau ili mtu asikunje uso. Ulimi ni wa kuonja kabla hujampa mtu yeyote. Nilimuuliza nitajuaje kama chumvi imezidi. Aliniuliza kama nimewahi kulia. Nikasema nimewahi. "Basi una kipimo," akasema. "Ikizidi machozi, mwaga."

Alikuwa pia mkali sana kuhusu nani apewe nini, nami nawaomba muwe wakali hivyo hivyo. Mtoto anayeharisha apewe ile dawa ya pakiti, yenye sukari yake ndani, kwa sababu tumboni sukari ndiyo inayoshika chumvi mkono na kuiingiza. Asije mtu akasema Sista fulani aliandika kwamba sukari iondolewe. Maji yangu ni ya mtu mzima anayetoka jasho la kazi na anayekula ugali wake vizuri. Na mwenye presha au figo mbovu asiguse kabla hajamwona daktari.

Wakati wa mavuno tulikuwa tunakwenda Endebess kuwaona wavunaji wa mahindi. Kule watu hutundika mashati yao kwenye ua wakati wa chakula, na siku moja tulikuta ng'ombe wa maziwa ametia ulimi kwenye shati la nyapara, analilamba kola kwa bidii, nyapara akipiga kelele kwamba ameibiwa. Sista Chemutai alisimama akaangalia kwa muda mrefu. "Unaona?" akaniambia. "Hata huyu amesoma shati, na hajaenda chuo." Nilimpenda sana yule mama. Alipostaafu nililia hadi nikapata kipimo cha mwaka mzima.

Kisha nikahamishiwa Bungoma, nyumbani kwetu hasa, kwenye zahanati iliyo kando ya barabara ya kwenda Chwele. Kitale baridi ilikuwa inanisaidia kazi. Bungoma nilikuta jua la kweli, na juu ya jua nikakuta viwanda vya sukari nguru. Kama hamjawahi kuingia ndani ya kimoja, ni banda la mabati lenye mashine ya kukamua miwa upande mmoja, na upande mwingine tanuru refu lenye makarai makubwa juu yake. Maji ya miwa yanachemka humo hadi yanakuwa uji mzito wa kahawia. Moto unachochewa kwa makapi ya miwa yenyewe, yaliyokaushwa nje. Anayekoroga anasimama hapo kutwa nzima. Siku za kiangazi hata mabati yanalia.

Kiwanda cha jirani yetu kilikuwa cha Bwana Makokha, mtu mwembamba, mwenye mashaka na kila kitu kisichochemka. Nilikwenda kwake mara ya kwanza na daftari langu jipya la magonjwa sugu. Nikasimama mbele ya wafanyakazi wakati wa chai, nikauliza kwa sauti ya kiofisi, "Kuna mtu hapa ana sukari?"

Walicheka hadi mmoja akakaa chini.

"Sista, hapa kila mtu ako na sukari," wakasema. "Wewe unataka kilo ngapi?"

Mmoja tu hakucheka. Aliegemea nguzo, jagi la maji ya miwa mkononi, akinywa bila kupumua. Huyo alikuwa Wafula, mpishi mkuu wa karai, mtu wa miaka hamsini na kidogo, mabega mapana, shati jeupe kwa chumvi hadi kiunoni. Alipogundua kwamba mke wake ni wa ukoo wetu alinipandisha cheo papo hapo, akawa ananiita mulamwa, yaani shemeji. Kwetu mulamwa ana ruhusa ya kukutania, na Wafula hakuacha ruhusa hiyo ilale bure.

Nilimwomba kidole, nikamchoma, nikaweka tone kwenye mashine. Mashine ile sukari ikipita inapoweza kuhesabu, haitoi namba. Inaandika herufi mbili tu, HI.

Wafula akachungulia. "Mulamwa, imenisalimia."

"Haijakusalimia," nikasema. "Imeshindwa kukuhesabu."

Hospitali alikaa karibu wiki mbili. Aliporudi alikuwa na dawa zake, kadi yake, na miguu iliyomlegea. Ndipo nikaelewa mzunguko aliokuwa ndani yake. Jasho lilikuwa linamtoa chumvi, misuli ikikaza na kichwa kikizunguka alikuwa anakunywa jagi la maji ya miwa, sukari ikipanda alikuwa anakwenda haja ndogo kila saa, maji yakiisha mwilini alikuwa anakauka zaidi, na dawa yake ya kukauka ilikuwa jagi lingine. Alikuwa ameshaanguka mara mbili kazini. Mara ya pili alianguka kuelekea kwenye karai lenyewe, lenye uji unaochemka, akadakwa shati na mama wa chai wa kiwanda. Mama huyo jina lake lilikuwa Rita. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili na mkubwa zaidi wa sauti, na nadhani hapakuwa na mtu mwingine pale ambaye angeweza kumzuia Wafula kwa mkono mmoja huku ameshika birika kwa mwingine.

Makokha aliniita ofisini kwake, yaani kwenye kiti cha plastiki nyuma ya gari lake. Yeye ni mmoja wa watu wetu ambao l zao zote zimekula kiapo cha kuwa r.

"Sista, mimi nampenda Wafura," akasema. "Hakuna mtu anajua karai kama yeye. Rakini akianguka mara ya tatu, nitamtoa. Ataenda kuanika makapi."

Kwa mtu wa nje hiyo ni kazi nyepesi. Kwa mpishi mkuu ni kuzikwa akiona. Wafula alianza kushika mwiko wa karai kabla hajaoa. Aliponisikia nikimwambia maneno ya Makokha, kwa mara ya kwanza hakunitania. "Mulamwa, makapi ni ya watu wanaongojea kwenda nyumbani," akasema. Nilirudi zahanati na hasira, na hasira yangu ikishika kazi huwa haitoki hadi jambo limalizike.

Kwanza nilikwenda duka la dawa mjini. Walikuwa na vidonge vya kuyeyusha kwenye maji, vya chumvi chumvi bila sukari, vimetoka ng'ambo, na picha ya mzungu akikimbia. Nikauliza bei. Nikalirudisha boksi mezani polepole, kama mtu anayerudisha yai. Kwa bei ile yule mzungu alikuwa na haki ya kukimbia.

Basi nikarudi kwenye kijiko cha Sista Chemutai. Nilimpeleka Wafula kwa daktari wa hospitali, akapimwa figo na presha, zikawa sawa. Daktari akasema nusu kijiko kwa lita si mbaya kwake siku za kazi ya moto, pamoja na maji ya kawaida, na mboga na maharagwe yake kwa madini mengine. Siku ya Jumapili asinywe, kwa sababu jasho la kanisani halitoshi. Akasema pia awe na kitu kitamu karibu, sukari isije ikashuka ghafla kwa sababu ya dawa. Nilimwambia daktari kwamba hilo, katika kiwanda kile, halitakuwa tatizo.

Hapo hapo nikaitwa Kitale, semina ya wiki nzima kuhusu namna ya kujaza fomu mpya zilizofanana na zile za zamani. Sikutaka Wafula angoje. Jumatatu asubuhi nikampigia Makokha simu, nikamweleza polepole, nikarudia mara mbili: kila asubuhi, chumvi nusu kijiko cha chai, kwa lita moja. Akarudia na yeye. Nikaridhika, nikaenda kujaza fomu.

Ijumaa nikampigia tena.

"Makokha, yale maji yanaendeleaje?"

"Vizuri sana, Sista. Kira asubuhi, nusu kijiko, bira kukosa."

"Na Wafula?"

"Wafura ndio shida. Jana misuri imekaza miguu yote. Amekaa chini. Sijahesabu kama ameanguka, kwa sababu amekaa mwenyewe."

"Kwani anamaliza chupa yote?"

"Chupa gani?"

"Ya maji ya chumvi!"

Nikasikia mashine ya miwa ikinguruma nyuma yake kwa muda.

"Sista, si wewe urisema ati nusu kijiko kwa Rita moja?"

"Ndiyo, kwa lita moja!"

"Basi si ndio tunapatia. Tuko na Rita moja tu."

Nilikuwa kwenye korido ya jengo la semina. Siku tano mfululizo, kila asubuhi kabla ya moto kuwashwa, wafanyakazi walikuwa wanasimama kwa heshima, Makokha anapima nusu kijiko cha chumvi kavu, na Rita anafungua mdomo. Nikauliza, kwa sauti ambayo sikuitambua, Rita mwenyewe anasemaje.

"Anasema ni kari," Makokha akajibu, "rakini ameokoka, atavumiria."

Nimelifikiria kosa hilo mara nyingi. Mtu wa pwani asingelifanya, kwa sababu angesema Rita mmoja na lita moja, na ngeli ingemwokoa. Sisi huku kwetu hatuko na deni na ngeli. Kila kitu ni moja: mtu moja, ng'ombe moja, Rita moja. Na kuhusu ile herufi yenyewe, kwa miaka mingi nilisema kosa lilikuwa sikio la Makokha. Sasa nimestaafu, ninaweza kusema ukweli. Mimi pia ni wa Bungoma. Nikiwa na haraka kwenye simu, sijui mdomo wangu unatoa nini.

Jumamosi nilikuwa kiwandani kabla ya chai. Rita alinipokea mikono kiunoni.

"Sista, nimemeza dawa ya Wafula wiki mzima. Sasa mimi nitapona nini?"

"Pole, mama."

"Nilijua wamenichagua kwa sababu ya mwili," akasema. "Nikafikiri labda inaingia kwangu halafu inapita kwa chai."

Nilimpima presha mara tatu siku hiyo. Ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Sikufungua mdomo wangu tena kuhusu lita. Nilileta chupa za plastiki za lita moja, nikachora mstari kwenye kila moja kwa rangi nyekundu ya kucha. Nikaleta kijiko, nikakikwaruza alama ya nusu kwa msumari. Nikawaonyesha bila maneno: maji hadi mstari, chumvi hadi alama, limau nusu, tikisa, onja. Rita alishauri tutumie munyu, ile chumvi ya majivu tunayopikia mboga, kwa sababu ni ya nyumbani na haina bei. Nikamwambia ni wazo la mtu mwenye akili, lakini munyu wa nyumba hii na wa nyumba ile hauna ukali mmoja, na kitu nisichoweza kukipima simpi mgonjwa. Akaelewa upesi. Watu waliopika maisha yao yote huwa wanaelewa vipimo kuliko sisi.

Wafanyakazi nao wakatatua swali la lugha bila kuniuliza. Waliibatiza chupa. Kufikia wiki iliyofuata ungesikia mtu akimwita mwenzake kutoka upande wa mashine, "Umemaliza Rita ngapi leo?" na mwingine akijibu, "Rita mbili na nusu." Rita mwenyewe alijifanya amekasirika, lakini alianza kuja kazini na kitambaa kipya cha kichwa.

Ilibaki shida moja. Wafula alikuwa anaonja. Kila baada ya dakika chache anachovya ncha ya kijiti kwenye uji wa karai, anapuliza, anaweka ulimini, anafumba macho. Nilihesabu asubuhi moja nikaacha baada ya thelathini. Nilimwambia ateme. Aliniangalia kama niliyemwambia atembee uchi sokoni Chwele. Mpishi mkuu ateme sukari mbele ya wafanyakazi wake?

"Sukari nguru haipikwi na macho, mulamwa," akasema. "Inapikwa na ulimi."

Nikaketi, nikamwangalia kazi, jambo nililopaswa kulifanya tangu mwanzo. Nikaona kwamba kila alipoonja, kwanza alidondosha tone la uji kwenye bakuli la maji baridi, akaliviringisha kwa vidole viwili. Lile tone likiwa laini, aliendelea kukoroga. Likiwa gumu kiasi cha kugonga bakuli, alipiga kelele watoe moto. Kuonja kulikuja baadaye.

"Wafula," nikamuuliza, "nani anakwambia imeiva? Ulimi au maji?"

Alirudia kitendo kile mara mbili, akijichungulia mwenyewe.

"Ni maji," akasema hatimaye, kwa uchungu.

"Na ulimi?"

"Ulimi ni wa kufurahi tu."

Hakuwahi kunisamehe kabisa kwa swali hilo. Lakini tangu siku hiyo alionja mara moja kwa karai, akatema nje ya banda, nyuma ya mti, mahali ambapo hakuna mtu wa kumwona. Na mashine yangu ikaanza kumwandikia namba.

Makokha hakuamini namba. Aliamini macho yake. Akasema atapika kutwa nzima siku ya soko, kwa sababu mteja mmoja alitaka mzigo mkubwa, karai baada ya karai, na hiyo ndiyo itakuwa siku ya kuona. Wafula akisimama hadi jioni, maneno ya makapi yameisha. Akianguka, atahamia huko kesho yake.

Niliomba ruhusa zahanati, nikaenda kukaa naye. Asubuhi kulikuwa na baridi ya mlimani, kwa hiyo nilivaa sweta juu ya yunifomu. Nilipewa kreti ya soda nikaigeuza, nikaketi hatua tatu kutoka kwenye tanuru, daftari magotini. Niliandika kila alipokunywa. Nilimkumbusha kunywa kabla hajasahau. Niliwaeleza waliokuwa wakipita tofauti ya jasho na haja ndogo. Jua likapanda, mabati yakaanza kulia, nami nikaendelea kueleza. Mimi mwenyewe sikunywa kitu. Choo cha pale kilikuwa na mlango wa gunia, na gunia hilo lilikuwa na tundu lililoelekea barabarani, na tangu alfajiri nilikuwa nimekata shauri kwamba sitakitumia. Wauguzi wenzangu mnajua hesabu hiyo. Sote tumeipiga.

Saa nane hivi Wafula alikuwa amemaliza chupa tatu. Shati lake lilikuwa limechorwa mistari myeupe hadi mikononi, na alikuwa anakoroga karai la tano, midomo ikihesabu kimoyomoyo. Niliona chupa ya nne haijaguswa. Nikasimama ili nimkumbushe.

Nakumbuka kusimama. Nakumbuka mabati yakigeuka taratibu upande wa kushoto. Kisha nikasikia sauti ya Rita, iliyofika sokoni bila shaka.

"Ameanguka! Woi, ameanguka!"

Makokha alitoka nyuma ya gari lake mbio, kiatu kimoja kimebaki. "Nirisema!" akapiga kelele kabla hajafika. "Si nirisema! Wafura, makapi!"

"Mimi niko hapa," Wafula akajibu. Hakuinua macho. Uji ulikuwa umefika pale pa kuchungwa, na mpishi haachi karai pale hata nyumba ikiungua. "Ni mulamwa ameanguka."

Walinibeba nje, watu wanne, wakatafuta mahali palipo laini. Hapakuwa na mahali pengine palipo laini isipokuwa moja. Miguu yangu yote miwili ilikuwa imekaza, sweta limeloa, na kichwa changu kikawekwa kwenye mapaja ya Rita.

"Patia yeye chupa yangu!" Wafula akaita kutoka ndani. "Lakini aonje kwanza. Anapenda watu waonje."

Rita akaniinamisha chupa mdomoni. Ilikuwa na chumvi, limau, na ladha ya plastiki iliyopata jua. Ilikuwa sawasawa kabisa. Nilikunywa kutoka kwenye mstari mwekundu hadi chini kabisa, na machozi yalinitoka, kidogo kwa aibu na mengi kwa furaha, kwa sababu kutoka pale nilipolala, kupitia mlango wa banda, nilikuwa naiona miguu ya Wafula. Ilikuwa imesimama. Nikamsikia akidondosha tone kwenye bakuli, na tone likagonga.

"Toa moto!" akasema.

Makokha alisimama katikati yetu. Akamwangalia Wafula. Akaniangalia mimi. Akamwangalia tena Wafula, aliyekuwa anapangusa shingo na kufungua chupa nyingine, kisha mimi, niliyekuwa na majani ya miwa kwenye nywele.

"Haya," akasema. "Wafura abaki kwa karai. Sista ndiye akae hapo kwa makapi."

Nikakaa hapo hadi jioni, na Wafula akapika hadi jioni.